Stendi ya magitaa ya kwaya: mbao mbili za futi 12 zinatosha

*Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kwaya huku Temeke, Dar es Salaam. Tuna magitaa matano: makavu mawili yasiyo ya umeme, na ya umeme matatu, yaani solo, ridhimu na besi. Hayana pa kukaa, yanaegemezwa ukutani nyuma ya spika. Wiki hii solo limedondoka, kichwa kikavunjika. Tunataka kutengeneza stendi moja ya mbao itakayobeba yote matano, wenyewe, maana kijana mmoja wa kwaya anajua kushika msumeno. Tutumie mbao gani na vipimo gani? Tumeambiwa tuizungushie tyubu ya baiskeli ili magitaa yasichubuke; ni sawa? Na je, ni kweli gitaa likikaa kwenye stendi lazima nyuzi zilegezwe?*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa solo lenu. Nitajibu yote, lakini la tyubu nalitanguliza kwa sababu nahofia mmeshaanza kukata: msitumie tyubu ya baiskeli. Sababu nitaieleza nikifika kwenye vitambaa. Kama kuna mahali mmeshaifunga, ifungueni leo.

Sasa stendi yenyewe. Ninatengeneza na kukarabati magitaa hapa Tanga, na useremala niliuanza kabla sijaota ndevu. Watu wakija kuulizia stendi, wengi huanza na uzito: itabeba? Uzito si shida. Gitaa kavu lina kilo 2 hivi, la umeme 3 mpaka 4, besi 4 na ushei. Yote matano hayafiki kilo 20, na benchi la kanisani linabeba watu wazima watano kila Jumapili. Swali langu mimi ni jingine: nani analirudisha gitaa pale, na saa ngapi? Ibada imekwisha, watu wanasalimiana, mtoto anamvuta mpigaji suruali, mkono mmoja umeshika waya, taa za mbele zimeshazimwa. Huyo analiweka gitaa bila kuangalia. Stendi nzuri ni ile inayolipokea gitaa kutoka kwa mtu wa namna hiyo, na karibu kila kipimo nitakachokupa hapa chini kimetoka kwake.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Stendi yangu ya kwanza ya magitaa mengi niliitengenezea bendi moja. Ilipendeza kwa macho, mtiki mtupu uliopigwa msasa hadi unateleza mkononi. Chini niliweka ubao bapa, mpana, gitaa likae juu yake, na juu nikachonga mapengo ya kuingiza shingo. Aliyeliingiza gitaa taratibu kwenye pengo hakupata shida. Usiku mmoja mpiga besi aliliweka lake kwa haraka, shingo ikaegemea nje ya pengo, kitako kikateleza mbele juu ya ule ubao nilioulainisha kwa mikono yangu. Besi lilianguka kifudifudi. Shingo ilipata ufa pale inapoungana na mwili. Nililitengeneza bure, na ile stendi niliibomoa.

Tangu siku ile sikalishi gitaa juu ya ubao bapa. Nalikalisha juu ya mihimili miwili yenye uwazi katikati, mhimili wa mbele ukiwa juu kuliko wa nyuma. Kitako cha gitaa, ambacho kwa asili ni cha mviringo, kinazama kidogo kwenye ule uwazi na kujishika chenyewe. Gitaa linalala nyuma bila kuambiwa. Hata shingo ikikosea pa kuegemea, kitako hakina njia ya kutoka kwenda mbele.

Magitaa yatasimama kwa ubavu, kama vitabu kwenye rafu: uso wa moja unaangalia mgongo wa mwenzake. Kwa njia hiyo matano yanaenea katika urefu usiofika mita 1. Mkiyapanga yakiwaangalia waumini, kila gitaa kavu litakula sentimita 40 za upana peke yake, na stendi itaziba njia ya kwenda madhabahuni.

Mbao. Msipoteze fedha kwa mninga. Mninga ni mbao tulivu kuliko nyingi ninazozijua, hausinyai ovyo wala haupindi, na mtu akinipa mninga mkavu wa miaka mingi nitafurahi, lakini kwa kazi hii ni anasa. Mkangazi uacheni pia. Huo nautaka kwa shingo za magitaa yenyewe. Mtiki wa shamba la miti la Longuza, huku kwetu Muheza, ni mzuri na mchwa hawaupendi, ila una mafuta: kabla ya kutia gundi futeni viungo kwa kitambaa chenye thina, la sivyo gundi haishiki. Kwa kwaya, mbao ya paini kutoka shamba la miti la Sao Hill inatosha kabisa. Ni nyepesi, kijana wenu ataikata bila kuhangaika, na inapatikana kila yadi ya mbao ya Dar es Salaam. Mkaratusi msiuguse, hujipinda hata baada ya kazi kwisha.

Kuliko aina ya mti, angalieni ukavu. Mbao mbichi mtaipima leo ikiwa sawa, mtaiunga leo ikiwa sawa, na baada ya mwezi mguu mmoja utakuwa umenyanyuka na stendi inatikisika. Pale yadini shika mbao mbili za ukubwa mmoja, iliyo nzito zaidi ya mwenzake iache. Iguse kwa shavu. Mbichi ina ubaridi wa maji. Ichungulie kwa urefu, jicho moja limefumbwa, kama mtu anayelenga manati, utaona kama ina tumbo au imejisokota. Mkishanunua, zilazeni ndani ya jengo juu ya vipande vya mbao, hewa ipite chini na juu, wiki 2 au 3 kabla ya kukata. Najua mna haraka, lakini wiki hizo ndizo zitakazowapa stendi isiyoyumba.

Nunueni mbao 2 za inchi mbili kwa mbili, futi 12 kila moja, na ubao mmoja wa inchi 1 kwa 6 wenye urefu wa futi 3. Ongezeni mpini mmoja wa fagio ulionyooka, kipande cha plaiwudi, gundi nyeupe ya mbao, na skrubu za inchi 3, za inchi 2 na za inchi moja na robo. Misumari hapana. Stendi inasukumwa na kuvutwa kila wiki, msumari hulegea taratibu na hakuna anayeuona, hadi siku kitu kinaanguka.

Mbili kwa mbili ikishapigwa randa hubaki sentimita 4.5 hivi kila upande. Kama zenu zimebaki 4.2 au 4.3 si neno, vipimo vitajirekebisha kwa sababu nitakayoieleza. Kutoka kwenye mbao hizo mbili kateni miguu 2 ya sentimita 50, nguzo 2 za sentimita 76, mihimili 4 ya sentimita 89, na vipande vidogo 2 vya sentimita 6 au 7. Jumla ni mita 6 na kitu, na mnazo mita 7 na zaidi, hivyo mtabaki na kipande cha kujaribia viungo na skrubu kabla ya kugusa mbao za kazi. Kijana asiruke hatua hiyo.

Mguu mmoja ulaze mezani na upime kutoka ncha ya mbele. Weka alama kwenye sentimita 6.5: hapo ndipo mhimili wa mbele unapoanzia. Alama ya pili kwenye 29, ndipo unapoanzia mhimili wa nyuma. Alama ya tatu kwenye 36, ndipo uso wa mbele wa nguzo unaposimama. Mhimili wa tatu ni wa juu, tutaufikia; wa nne unakaa mwisho kabisa wa mguu, nyuma ya nguzo. Huo haubebi gitaa, kazi yake ni kuishika miguu isiachane. Ulaze mguu wa pili kando ya wa kwanza na uzihamishe alama zote kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba. Usiupime upya. Ukipima mara mbili utapata vipimo viwili.

Nguzo na mguu zinapopishana, ondoa nusu ya unene kwa kila mmoja, kwa msumeno na patasi, ili zikikutanishwa ziwe sawasawa usoni kama kitu kimoja na nguzo ishuke mpaka chini. Kiungo hiki kinataka subira. Kata ndani kidogo ya alama, jaribu, punguza kwa patasi, jaribu tena. Kikiingia kwa kugongwa polepole kwa kiganja, kimefaa. Kikiingia chenyewe kimelegea, na gundi haijazi uwazi. Tia gundi, kaza skrubu mbili za inchi moja na robo ili zisitokeze upande wa pili, kagua pembe kwa guni, uache hadi kesho. Upande wa nje bandika pembetatu ya plaiwudi yenye ubavu wa sentimita 15, imeshika nguzo na mguu kwa pamoja. Siku mtu mzima atakapoishika stendi kwa juu ili ajinyanyue sakafuni, na siku hiyo itakuja, pembetatu hiyo ndiyo itakayoshika.

Sasa siri ndogo ya kazi hii. Vile vipande viwili vya sentimita 6 vibandike juu ya miguu, mahali pa mhimili wa mbele, ndipo mhimili wenyewe ukae juu yake. Mhimili wa nyuma unakaa moja kwa moja juu ya mguu. Kwa hiyo wa mbele umenyanyuka kwa unene wa mbao moja, sentimita 4.5, na kati ya kitovu cha mhimili mmoja na kitovu cha mwingine kuna sentimita 22.5. Mwinuko ni moja ya tano ya umbali, na gitaa linalala nyuma digrii 11 hivi. Hamhitaji kupima pembe wala kukata mshazari. Na kama mbao zenu zimetoka nyembamba kidogo, kipande nacho kimetoka kwenye mbao ileile, pembe inabadilika kwa kiasi ambacho gitaa halitajua.

Kwa nini digrii 11 na si 20? Likilala sana, stendi inahitaji miguu mirefu, na watu wataikanyaga gizani. Likisimama wima mno, mtikisiko wa spika ya besi peke yake unaweza kulirudisha mbele. Kwenye digrii 10 mpaka 12 uzito wa gitaa unaangukia kati ya mihimili miwili, karibu na ule wa nyuma, na miguu ya sentimita 50 inabaki na nafasi ya kutosha mbele na nyuma. Hapo stendi haipinduki hata magitaa yote yakiwa upande mmoja.

Kaza mihimili yote kwa skrubu za inchi 3 kutokea juu, baada ya kutoboa njia kwa kijino chembamba cha drili. Mbao ikikazwa skrubu karibu na ncha bila kutobolewa hupasuka. Vichwa vya skrubu vizame nusu sentimita ndani ya mbao, maana juu yake patakaa kitambaa na juu ya kitambaa patakaa gitaa. Kabla ya kukaza, pitisha randa kwenye kona za mihimili miwili ya mbele na nyuma zinazoangalia ule uwazi, ziwe za duara. Kona kali inaacha mstari kwenye kitako hata ukiiwekea blanketi.

Mhimili wa juu unalala juu ya nguzo mbili, uso wake wa mbele ukiwa sawa na uso wa mbele wa nguzo. Ukitoka sakafuni, katikati yake ni sentimita 78. Kimo hicho kinashika shingo ya gitaa kavu karibu na freti ya sita (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), ya gitaa la umeme kwenye freti ya nne hivi, na besi nalo linaegemea vizuri, shingo tu ikiguswa na mwili ukiwa huru. Skrubu inayoingia kwenye ncha ya nguzo, kwa kufuata nyuzi za mti, haina nguvu sana, kwa hiyo ule ubao wa inchi 1 kwa 6 unaubandika kwa nyuma, ukishika mhimili wa juu na nguzo zote mbili kwa pamoja. Tia gundi, kisha skrubu za inchi 2 zisizopungua 3 kila nguzo. Huo ubao ndio unaoizuia stendi isiyumbe kushoto na kulia.

Hapa mafundi wengi hukosea, nami naomba msikilize vizuri. Mtu akiona uwazi mkubwa kati ya nguzo hushawishika kuongeza ubao katikati, sentimita 30 au 40 kutoka chini, kwa uimara au kwa uzuri. Msiongeze. Gitaa kavu la umbo lile kubwa la kawaida lina upana wa sentimita 40 pale tumboni, na likishalala nyuma ubavu wake unapita nyuma ya uso wa nguzo. Ukiwepo ubao, gitaa litagonga huo kabla shingo haijafika kwenye mhimili wa juu. Litasimama wima, likiegemezwa kwa mbavu zake, ambazo ni mbao nyembamba ya milimita 2 hivi.

Vigingi vya shingo vinatoka kwenye mpini wa fagio. Kata 8, kila kimoja sentimita 13.5. Sentimita 3.5 zinaingia ndani ya mhimili wa juu na 10 zinatokeza mbele. Toboa kwa kijino cha unene uleule wa mpini, ukiinamisha drili kidogo ili ncha ya kigingi iangalie juu. Mwinamo huo mdogo ni kwa ajili ya yule mwenye haraka: shingo ikigusa kigingi inarudi ndani badala ya kuteleza nje. Magitaa makavu yakae pembeni, moja kila upande, kila moja na vigingi vyake viwili, sentimita 9 kutoka kitovu hadi kitovu. Ya umeme na besi yakae katikati na yachangie vigingi vinne, sentimita 11 kutoka kitovu hadi kitovu, besi likiwa katikati ya wenzake kwa kuwa ndilo zito. Hesabu ya upana ni hivi: gitaa kavu lipewe sentimita 17, la umeme 11. Makavu mawili na ya umeme matatu yanakula 67, na ndani ya nguzo zenu mna 80. Zilizobaki zigawanye pembeni, mkono upate pa kupita.

Tumefika kwenye vitambaa na ile tyubu. Magitaa mengi ya siku hizi yamepakwa vanishi ngumu ya jamii ya poliyurithani, na hiyo huvumilia mengi. Lakini yako magitaa, ya zamani na mengi ya kampuni ya Gibson mpaka leo, yaliyopakwa laka ya nitroselulosi. Laka hiyo haikauki ikawa kama kioo, inabaki hai. Mpira na plastiki laini vina kemikali za kuvilainisha, na kemikali hizo zikikaa zimegusana na laka, wiki baada ya wiki katika joto la Dar es Salaam, huingia ndani yake. Nimeshika gitaa lililokaa kwenye mpira. Ukilinyanyua linang'ang'ania kidogo, kama mkono ulioshika fenesi, kisha unaona ngozi ya laka imebaki kwenye mpira na kwenye gitaa pana doa la kijivu lenye mikunjo. Hakuna kitambaa cha kulifuta. Inabidi kupaka upya. Na mpira mweusi wa tyubu hata kwenye vanishi ngumu unaweza kuacha weusi usiotoka, hasa kwenye gitaa jeupe.

Kwa hiyo ondoeni tyubu, ondoeni mkeka wa mazoezi wa plastiki, ondoeni reksini. Reksini najua inavutia kwa sababu mafundi wa makochi wanauza vipande kwa bei rahisi, lakini ni plastiki juu ya kitambaa. Sponji nayo, ile ya godoro, huanza kuchoka baada ya muda na kubaki unga unaonata. Tumieni blanketi zito la sufi, au pamba nene kama ya taulo, mkunje mara tatu. Kitambaa kiwe cheupe au rangi isiyochuja. Kilowesheni, kikamueni juu ya leso nyeupe, mkiona rangi kwenye leso kitupeni. Kibandikeni kwenye mihimili kwa gundi nyeupe chini tu, na kishoneni kwa upande usiogusa gitaa. Msitumie pini za bunduki ya mafundi makochi upande wa juu hata kidogo. Vigingi vivalisheni soksi za pamba, zilizofuliwa, zimeshonwa mwishoni. Nasema soksi kwa dhati kabisa: inakaa vizuri kuliko kitambaa kilichozungushwa, na ikichafuka inavuliwa ikafuliwa. Gitaa msilolijua vanishi yake lichukulieni kama la nitroselulosi, hamtapoteza kitu.

Stendi yenyewe ikipakwa vanishi, ipeni wiki 2 kabla ya kuweka kitambaa na magitaa, hata kama mkononi inaonekana kavu siku ya pili. Maadamu pua inasikia harufu ya thina, bado inatoa mvuke, na mvuke huo haufai kwa laka ya mtu mwingine. Chini ya miguu pakeni rangi ya mafuta mara mbili au tatu na kubandika vipande vya mpira mgumu. Hapo mpira unaruhusiwa, haugusi gitaa. Kanisani sakafu hupigwa deki kwa maji mengi, na mguu wa paini ukinywa maji kila Jumamosi utaoza kutokea chini mkiwa mnaangalia juu.

Kabla ya magitaa, ijaribuni. Wekeni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji juu ya ile mihimili miwili, hiyo ni kilo 20 na zaidi, iacheni usiku mzima. Asubuhi ishikeni stendi kwa juu, isukumeni mbele, nyuma, kushoto, kulia, maji yakiwa bado yamo. Kama kuna mlio wa mbao kukwaruzana, kuna kiungo kimelegea. Kitafuteni. Kisha mpeni kila mpigaji gitaa lake, zimeni taa, mwambieni alirudishe akiwa anaongea na mwenzake. Wala sitanii. Mtajua pale pale kigingi gani kinahitaji kusogezwa.

Kuhusu kulegeza nyuzi: hapana, haina haja. Nyuzi za kawaida za gitaa kavu zikiwa zimekazwa kwenye sauti yake zinavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70 kwa jumla. Gitaa likilala digrii 11 kwenye stendi hii, msukumo wa shingo kwenye mhimili wa juu haufiki nusu kilo. Shingo haiwezi kupinda kwa nusu kilo ilhali inahimili 70 mchana na usiku. Shingo imeundwa kukaa ikivutwa. Mkizilegeza kila Jumapili na kuzikaza kila Alhamisi ya mazoezi mtazichosha nyuzi, na gitaa halitatulia kwenye sauti. Zilegezeni nusu tu ikiwa gitaa litasafiri kwenye basi au halitapigwa kwa miezi.

Kinachopindisha shingo huko kwenu ni unyevu. Mafundi wa magitaa hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55. Pwani yetu asubuhi nyingi hupita 80. Gitaa kavu hunywa unyevu huo, uso wake unavimba, daraja lililobeba nyuzi linapanda, na mpigaji analalamika kwamba nyuzi zimekuwa ngumu kubonyeza. Stendi haiondoi unyevu, lakini mahali mnapoiweka panasaidia. Iwekeni mbali na ukuta wa nje unaotoka jasho msimu wa masika, upana wa mkono hivi, hewa ipite. Isiwe mbele ya dirisha, jua la alasiri hulegeza gundi ya daraja. Isiwe chini ya kiyoyozi pia, maana huko gitaa hukauka upande mmoja. Mkimaliza ibada funikeni kwa kanga au shuka la pamba, si nailoni. Na kama kati ya yale mawili makavu kuna ambalo halipigwi, lisikae kwenye stendi. Lirudisheni kwenye sanduku lake na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, mvibadilishe vikishashiba.

Mwisho ni hilo solo. Kichwa huvunjika pale nyuma ya kokwa ya nyuzi, kile kijiti chenye mifereji ya nyuzi mwanzoni mwa shingo, kwa sababu hapo shingo ni nyembamba na kichwa kimeinamishwa nyuma. Kwenye Gibson nyingi ni digrii 17. Nyuzi za mti zinakatika kwa mshazari mahali hapo, na mara nyingi ndani yake pamechongwa shimo la fimbo ya chuma inayoimarisha shingo. Ndiyo maana gitaa likianguka chali hata kwa kimo kifupi, kichwa kinagonga kwanza na kuachia. Habari njema ni kwamba mpasuko wa mshazari, mrefu, wenye nyuzi zilizo safi, hushikana kwa gundi ya mbao vizuri sana. Kwa hiyo msijaribu kuuunga kwa ile gundi ya kukauka papo hapo. Ikishaingia ndani ya nyuzi za mti gundi nyingine haishiki, na fundi atalazimika kukata hata mbao isiyo na kasoro ili kuiondoa. Msikutanishe vipande ili kuona vinavyolingana; kila mkivikutanisha vijiti vidogo vya ndani vinavunjika, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha mahali pake hasa. Legezeni nyuzi zote, kifungeni kichwa na shingo kwa kanga bila kubana, okoteni kila kibanzi kilichobaki nyuma ya spika mkitie kwenye bahasha, na mumpelekee fundi magitaa pamoja na bahasha hiyo kabla vumbi halijaingia kwenye mpasuko.